Kula kidogo kuliko nani?

Mtu akiingia katika ofisi za katikati ya jiji la Dar es Salaam saa nne asubuhi siku hizi, atakuta kwamba baadhi ya meza zilizozoea supu na chapati mbili sasa zina chupa ya maji na kikombe cha chai ya rangi isiyotiwa sukari. Akiuliza, ataambiwa kuwa mwenye meza amefunga, ingawa si Ramadhani wala Kwaresma: huyu hali kitu mpaka saa saba mchana, yule ana mlo mmoja tu kwa siku, mwingine amefuta kabisa chakula cha usiku. Zamani sababu ilikuwa kitambi au kauli ya daktari. Sasa imeongezeka sababu nyingine inayosemwa kwa uhakika mkubwa zaidi, kwamba sayansi imekwisha kuthibitisha kuwa anayekula kidogo huchelewa kuzeeka na huishi miaka mingi. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba habari hiyo imetufikia nusu. Tafiti za kupunguza chakula zipo, zina umri wa takriban miaka 90, na baadhi ya matokeo yake ni mazito. Lakini kila moja ni ulinganisho, na faida iliyoonekana ilitegemea mno ni nani aliyelinganishwa na nani, na ni nini kilichobaki kwenye sahani baada ya kupunguza. Sisi tumelichukua jibu na kuliacha swali lake, katika jiji ambalo aliyeshiba kupita kiasi na asiyeshiba kabisa wanaweza kuwa wapangaji wa nyumba moja.

Ni haki kukiri kwanza kwamba mazungumzo haya hayakuzuka bure. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyo ya kuambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulikuta takriban robo ya watu wazima nchini wana shinikizo la juu la damu na asilimia 9 wana kisukari. Utafiti wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au kiribatumbo. Profesa Mohamed Janabi, aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwezi Mei 2025 kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika, amekuwa akituonya hadharani kwa miaka kadhaa kuhusu kiasi na aina ya vyakula tunavyokula, na maonyo yake yakawa gumzo la vijiweni na mtaji wa wachekeshaji. Utani ulikuwa mwingi kuliko usikivu. Pamoja na hayo, daktari bingwa wa moyo huzungumza akiwa na picha ya wagonjwa wanaofika mbele yake, na wagonjwa hao, kwa namna walivyo, si sampuli ya jiji zima. Kauli inayowafaa wao, ikisharushwa mtandaoni bila anwani ya mpokeaji, humfikia pia mbeba mizigo wa Kariakoo na binti wa sekondari anayejiona mnene.

Chimbuko la elimu yenyewe liko mbali na vijiwe vyetu. Mwaka 1935, Clive McCay na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani waliripoti kuwa panya waliopunguziwa chakula hadi ukuaji wao ukachelewa waliweza kuishi muda mrefu kuliko wenzao walioachwa wale watakavyo. Kinachosahaulika ni kuwa watafiti hao walipunguza nishati tu; protini, vitamini na madini vilihakikishwa kwa uangalifu ili panya wasipate utapiamlo. Jaribio hilo limerudiwa kwa hamira, minyoo, nzi na panya wa kila namna, na kwa ujumla maelezo yanayokubalika ni kwamba nishati inapopungua, insulini na vichocheo vya ukuaji hushuka, na chembe hai huacha kujenga na kugeukia kukarabati. Mwili unakuwa kama mwenye nyumba aliyesitisha kuongeza vyumba akaanza kuziba paa linalovuja. Lakini ukarabati huo una gharama zake, kwani wanyama hao mara nyingi huwa wadogo, uzazi wao hudorora na huhimili baridi kwa shida. Maisha ya maabara, yasiyo na malaria wala mvua za masika, huzificha gharama hizo.

Sehemu ya historia hii ambayo ingetufaa zaidi ni ile ya kima, na ndiyo ambayo sijawahi kuisikia ikisimuliwa na yeyote anayefunga. Taasisi ya Taifa ya Uzee ya Marekani ilianza mwaka 1987 kuwapunguzia chakula kima aina ya rhesus, na Chuo Kikuu cha Wisconsin kikaanza jaribio linalofanana na hilo mwaka 1989. Mwaka 2009, Wisconsin walitangaza kuwa kima waliopunguziwa chakula walikufa kwa uchache zaidi kutokana na magonjwa ya uzee. Mwaka 2012, taasisi ile nyingine ikatangaza kuwa haikuona tofauti yoyote ya urefu wa maisha. Watu wenye haraka waliona kuwa upande mmoja umekosea. Wanasayansi wa pande zote mbili walikaa pamoja, wakaziunganisha takwimu zao, na mwaka 2017 wakatoa maelezo ambayo kwangu yana thamani kuliko matokeo yenyewe. Chakula cha kima wa Wisconsin kilikuwa na sukari iliyozidi robo ya uzito wake, ilhali cha wenzao hakikufikia asilimia 4. Tena, kima wa kulinganishwa kule Wisconsin waliachiwa wale watakavyo, ilhali wale wa taasisi ya taifa walipimiwa sahani ili wasinenepe.

Maana yake ni kwamba jaribio la Wisconsin lilimlinganisha anayekula kwa kiasi na mlafi wa vyakula vitamu, na anayekula kwa kiasi akashinda kwa mbali. Jaribio la taasisi ya taifa lilimlinganisha aliyepunguziwa sana na mtu ambaye tayari anakula kwa kiasi chakula chenye ubora, na hapo ushindi ukawa mdogo au haukuonekana. Sehemu kubwa ya faida ilipatikana katika kutoka kwenye ulafi kuja kwenye wastani. Kuutoka wastani kwenda kwenye njaa hakukuongeza mengi. Wingi wa chakula na aina yake havikutenganishika pia, kwa sababu anayekata theluthi ya chakula kilichojaa sukari anakata sukari vilevile, na haijulikani ashukuru kipi. Mtu wa Dar es Salaam anayesoma kwamba "kula kidogo huongeza maisha" anapaswa kujiuliza yeye yuko upande gani wa majaribio hayo mawili kabla ya kuigusa sahani yake.

Kwa binadamu, ushahidi ulio bora hadi sasa ni wa jaribio la Marekani liitwalo CALERIE, lililowahusisha watu wazima 218 wasio wanene, wenye umri kati ya miaka 21 na 50, kwa muda wa miaka miwili. Walitakiwa wapunguze nishati kwa asilimia 25. Pamoja na kusimamiwa na wataalamu wa lishe na wa saikolojia, na kupewa vidonge vya vitamini na madini, waliweza kwa wastani asilimia 12 tu, yaani chini ya nusu ya lengo. Hata hivyo, shinikizo la damu lilishuka, lehemu mbaya ilipungua, insulini ikafanya kazi vizuri zaidi, na uchambuzi uliochapishwa mwaka 2023 kwa kutumia alama za kikemia zilizo juu ya vinasaba ulikadiria kuwa kasi ya kuzeeka ilipungua kwa asilimia 2 hadi 3. Hayo si madogo, na anayeyapuuza hawi mkweli. Lakini hakuna aliyepimwa urefu wa maisha yake, kwa kuwa miaka miwili haitoshi kupima hilo. Kipimo cha kasi ya kuzeeka ni makadirio, na katika uchambuzi huohuo vipimo vingine vya aina hiyo havikuonyesha badiliko. Washiriki walipoteza pia kiasi fulani cha uimara wa mifupa katika nyonga na uti wa mgongo. Jaribio hili linatuambia kuwa punguzo la kadiri, kwa mtu mzima mwenye afya na chakula kamili, huboresha vipimo vya moyo na sukari. Aliyevuka hapo akasema limethibitisha maisha marefu ameongeza neno lake mwenyewe.

Hata kwa panya, ambao ndio msingi wa matumaini yote, picha imekuwa tata. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 uliwafuatilia panya jike 960 wenye nasaba mchanganyiko, wakigawanywa katika makundi ya kula watakavyo, kufunga siku moja au mbili kwa wiki, na kupunguziwa nishati kwa asilimia 20 au 40. Kundi la asilimia 40 liliishi muda mrefu kuliko yote: wastani wa miezi takriban 34 dhidi ya 25 ya walioachwa wale watakavyo. Waliofunga siku mbili walipata nyongeza ndogo zaidi. Ila watafiti waligundua mambo mawili yaliyowashangaza wenyewe, kwanza kwamba vinasaba vilikuwa na uzito mkubwa kuliko mlo katika kuamua nani ataishi sana, na pili kwamba ndani ya kundi moja la waliopunguziwa chakula, walioishi zaidi ni wale waliopungua uzito kidogo. Aliyekonda haraka alikufa mapema. Miaka 14 kabla ya hapo, utafiti mwingine uliotumia zaidi ya nasaba 40 za panya ulikuta kuwa kwa baadhi yake, punguzo la asilimia 40 lilifupisha maisha badala ya kuyarefusha. Mwili unaohimili njaa na mwili unaonyauka huweza kukaa meza moja, na mizani ya bafuni haitofautishi.

Sasa niigeukie hoja iliyo dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosambaa zaidi kwenye makundi ya WhatsApp: kwamba mwanasayansi wa Kijapani alipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kuwa kufunga huponya saratani na kumrudishia mtu ujana. Yoshinori Ohsumi alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2016, hilo ni kweli. Alichotuzwa ni kugundua namna ambavyo chembe hai huvunjavunja na kutumia upya sehemu zake zilizochakaa, mchakato uitwao otofaji, na kazi yake ya msingi aliifanya kwa hamira. Hamira hiyo aliinyima virutubisho ili auone mchakato huo kwa hadubini. Hakuwafungisha wagonjwa wala hakuandika saa ngapi za njaa zinatibu nini. Tena uhusiano wa otofaji na saratani una sura mbili, kwa sababu mchakato huo huweza kuzuia uvimbe usianze, na uvimbe ukishaota huweza kuutumia huohuo kujilisha. Anayemwambia mgonjwa wa saratani, ambaye mara nyingi shida yake ni kukonda, kwamba aongeze njaa, anacheza na uhai wa mtu kwa jina la tuzo asiyoisoma.

Hoja ya saa za kula ina mashiko kidogo zaidi, kwa hiyo inastahili kupimwa. Wanaosema kuwa siri ni kula ndani ya saa nane tu wanatumia majaribio ya panya yaliyoonyesha faida hata pale ambapo kiasi cha chakula hakikupunguzwa. Kwa watu, jaribio lililofanyika Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2022 liliwagawa watu 139 wenye kiribatumbo: wote walipunguziwa nishati, nusu yao wakafungiwa pia ndani ya saa nane. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepungua, na tofauti kati yao haikuwa na uzito wa kitakwimu. Saa zilisaidia kwa kuwa zilimzuia mtu asile, basi. Kwa upande wa pili, wapinzani waliishangilia taarifa iliyotolewa Chicago mwezi Machi 2024 kwamba wanaokula chini ya saa nane kwa siku wana hatari ya kufa kwa magonjwa ya moyo iliyo kubwa kwa asilimia 91. Lakini taarifa hiyo ilitokana na kuwauliza watu walichokula kwa siku mbili tu na kisha kuwafuatilia kwa miaka, na mtu anaweza kula ndani ya saa chache kwa sababu ni mgonjwa, mpweke au maskini. Haikuthibitisha kuwa ratiba ndiyo iliyoua. Kambi zote mbili zilichagua utafiti unaozipendeza.

Na tusiichanganye Ramadhani katika hili. Saumu ni ibada, haihitaji kibali cha maabara, na anayeipima kwa kilo ameishusha. Kwa upande wa mwili, tafiti nyingi zinaonyesha kuwa uzito hupungua kidogo katika mwezi ule na kurudi wiki chache baadaye, na yeyote aliyewahi kukaa kwenye futari ya Kiswahili, yenye uji, magimbi ya nazi, tambi, sambusa na kaimati, anajua kwa nini.

Upande wa wanaopinga kabisa una hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Mitaani tuna neno la zamani la kile ambacho ofisini kinaitwa kufunga kwa vipindi: pasi ndefu. Anayepiga pasi ndefu hunywa chai asubuhi, mchana hupita, na chakula cha maana hukutana nacho usiku, kwa sababu mfuko haukuruhusu vinginevyo. Makuli anayeshusha magunia sokoni Mabibo na mhasibu wa Posta wanaweza kuwa na ratiba moja ya kula na wasiwe na afya inayofanana, kwa kuwa mmoja ametumia nishati yote kabla ya adhuhuri na mwingine ameketi kwenye kiti mpaka jioni. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wahenga, na ipo namna ya kuhubiri njaa ambayo humfanya aliyeikosa shibe aambiwe kuwa ana bahati. Tena tuna kumbukumbu inayouma: katika miaka ya 1980 na 1990, kukonda kulikuwa dalili ya UKIMWI iliyowafanya majirani wanong'one, na mapenzi yetu kwa mwili ulionawiri yalipata nguvu mpya katika misiba ile. Mtu mzima wa leo anayeshindwa kumpongeza mwanawe aliyepungua kilo 10 hana ujinga; ana historia.

Ila wapinzani nao wanakosea wanaposema kuwa jiji lenye njaa halina tatizo la ulaji kupita kiasi, kana kwamba mambo hayo mawili hayawezi kukaa pamoja. Yanakaa pamoja, tena ndani ya mwili mmoja. Majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, sehemu ya magharibi ya Uholanzi ilikatiwa chakula na jeshi la Ujerumani, na mgawo wa mtu mzima ukashuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Watoto waliokuwa tumboni wakati ule walifuatiliwa hadi utu uzima. Waliopatwa na njaa wakiwa mimba changa walielekea zaidi kupata magonjwa ya moyo, na miili ya waliokumbwa na njaa hiyo tumboni ilishughulikia sukari vibaya zaidi ya wenzao. Mwili uliojengwa kwa ajili ya uhaba ulikutana na utele usioutarajia. Kwetu, utafiti uleule wa demografia na afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Watoto hao wengi ndio watakaokuja mjini wakiwa vijana, na tunajua kinachotokea wakija: watafiti waliowafuatilia watu waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kuja Dar es Salaam walikuta kuwa ndani ya mwaka mmoja waliongezeka takriban kilo 2 kwa wastani, huku idadi ya waliokuwa wakifanya kazi za nguvu ikianguka vibaya.

Hapo ndipo maneno "kula kidogo" yanapogeuka kuwa ushauri wa aina mbili zinazopingana. Njaa ya utotoni haikumpa mtu huyo ujana wa kudumu, ilimpa deni. Mlo mnono wa ukubwani ndio unaolidai deni hilo. Kama njaa ingekuwa dawa bila masharti, kizazi kilichodumaa kingekuwa kizazi chenye afya kuliko vyote. Wanaotuambia kuwa wazee wetu walikula mara moja kwa siku wakaishi miaka mia wanawahesabu wale waliofika. Wastani wa umri wa kuishi nchini wakati wa uhuru ulikuwa miaka 40 na ushei, na ingawa vifo vya watoto wachanga ndivyo vilivyoushusha sana, vifo hivyo vyenyewe havikuwa mbali na lishe. Mfano wa Okinawa, Japani, unaopendwa na kila mtu, nao husomwa vibaya. Wazee wa kisiwa kile walifundishwa kuacha kula tumbo likijaa kwa asilimia 80, lakini chakula kilichojaza asilimia hizo katikati ya karne iliyopita kilikuwa hasa viazi vitamu, mboga za majani na soya, na wengi wao walikuwa wakulima. Vyakula vya haraka vilipoingia, nafasi ya wanaume wa Okinawa kwa umri wa kuishi ilishuka hadi ya 26 kati ya mikoa 47 ya Japani kufikia mwaka 2000. Kilichobadilika kule hakikuwa idadi ya milo.

Na kwetu, ukiangalia kwa makini, kinachokatwa ndicho kilichopaswa kubaki. Anayeruka kifungua kinywa na chakula cha mchana hufika jioni akiwa na njaa isiyochagua, akiwa njiani kutoka kituo cha Mwendokasi, na kilicho mbele yake ni chipsi mayai na soda. Maharage, dagaa, mchicha na matembele ni vyakula vya sufuria la mchana, kwa mama ntilie au nyumbani. Mchana ukifutwa, navyo hufutwa. Ameondoa protini na madini ya chuma akabakiza mafuta na wanga, kinyume kabisa na walichofanya McCay na wote waliomfuata. Kwa wanawake jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa takriban wanne kati ya kumi wa umri wa kuzaa nchini wana upungufu wa damu. Kwa wazee wa miaka 65 na kuendelea hesabu hugeuka upande wa pili: misuli hupotea kwa urahisi, wataalamu wa lishe ya wazee hupendekeza gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya mwili, na kukonda bila kukusudia ni ishara mbaya kuliko unene wa kadiri. Bibi anayeshauriwa na mjukuu wake afunge ili asizeeke ameshauriwa vibaya mara mbili.

Wapo pia wanaotumia dawa. Mjomba wangu anayeishi Mbagala ana kisukari na kwa miaka kadhaa alikuwa akimeza glibenklamaidi kila asubuhi, dawa inayoisukuma kongosho itoe insulini hata kama mtu hajala. Alipoamua kuacha kifungua kinywa hakumwambia daktari, kwa sababu hakuona kuwa kutokula ni tiba ya kutolewa taarifa, na siku ya tisa jirani alimkuta amekaa barazani akitokwa na jasho na kusema maneno yasiyoungana. Chai yenye sukari nyingi, ile ile aliyokatazwa, ndiyo iliyomrudisha.

Kama hoja hii ni sahihi, yapo mambo yanayofuata ambayo hayahitaji maabara. Ushauri wa kupunguza chakula unaotolewa redioni au jukwaani hauna budi kutaja unamhusu nani: mtu mzima mwenye kiuno kilichopanuka, presha iliyopanda na kazi ya kukaa, ambaye kwa huyo punguzo la sehemu moja kati ya nane ya chakula, likianzia kwenye soda, sukari ya chai, mafuta ya kukaangia na mlima wa ugali, lina ushahidi wa kutosha na lingepaswa kusemwa kwa sauti kubwa zaidi ya ilivyo sasa. Hauna budi pia kuwataja wasiohusika: mjamzito, anayenyonyesha, mtoto anayekua, mzee aliyekonda, na mgonjwa anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari hadi atakapoonana na daktari wake. Wizara na Taasisi ya Chakula na Lishe zina miongozo inayosema mengi ya hayo, lakini miongozo hukaa kwenye kabati na klipu ya sekunde 40 hukaa kwenye simu. Nadhani pia kwamba mjadala wa ratiba umetupotezea muda ambao ungetumika kuuliza kwa nini sahani ya wali maharage na mchicha imekuwa ngumu kupatikana baada ya saa kumi na mbili jioni katika barabara ambazo chipsi hukaangwa mpaka usiku wa manane. Mtu aliyekwama kwenye foleni kwa saa mbili hachagui ratiba yake, na bei ya samaki pale Feri ina nguvu juu ya misuli ya mzee wa Kigamboni kuliko jaribio lolote la Wisconsin.

Mjomba sasa amebadilishiwa dawa, na asubuhi hula viazi vitamu viwili na yai, mchana maharage na mboga, usiku kidogo. Amepungua kilo 4 tangu mwaka jana, polepole, na presha imeshuka. Ule ujumbe wa Mjapani na tuzo yake bado anautuma kwenye kundi la ukoo kila Jumatatu.